Nusu ya Uso wa Saidi

Korogwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ningependa uisikie ukiwa umeketi. Mjomba Omari, unayemsomea, shikamoo na wewe. Nakuomba usome polepole, na usiruke mahali popote kwa kumwonea huruma dada yako.

Mimi sijambo, ila vidole vimekuwa vyeusi kwa dawa za picha na kikohozi hakijaniacha. Habari zenu nazisikia kwa watu wa kwetu Sindeni wanaofika huku kutafuta chakula. Wanasema mahindi yamekauka kabla ya kubeba na kwamba mmeanza kuchimba mizizi porini. Nimeumia, wala sina la kuwatumia ila hiki nilichokifunga pamoja na barua. Msikifungue bado. Sikilizeni kwanza.

Ujumbe wako niliupata, mama. Ulisema hutaisoma hitima ya Saidi, wala hutamruhusu shemeji Mwanaidi akae eda, mpaka uuone uso wa mwanao. Ukakumbusha yule kijana wa jirani aliyesemwa amekufa Tanga, watu wakalia, kisha akarudi kwa miguu yake. Sikulaumu. Mimi mwenyewe niko karibu na shamba la mkonge alilofanyia kazi, ng'ambo ya mto tu, na nilipopata habari ndugu yangu alikuwa ameshazikwa. Aliyeniletea ni Mhando, Mshambaa wa Bungu, aliyelala chumba kimoja na Saidi kambini. Alinipeleka makaburini kwao, nyuma ya mikonge. Niliona udongo mbichi na kipande cha ubao kisicho na jina. Uso sikuuona.

Ndipo nikakumbuka kwamba, kabla ya mvua kukatika, Mzungu wa shamba alimwita Bwana Maganlal akawapige picha wafanyakazi wake wote, aipeleke kwao Ulaya. Huyu Bwana Maganlal ndiye Mhindi anayenifundisha kazi. Mimi ndiye niliyebeba miguu ya kamera siku ile. Nikamwomba bwana ruhusa ya kutafuta kile kioo cha kamera kilichonasa picha hiyo. Alikuwa amekihifadhi.

Saidi yumo, mama. Amesimama safu ya nyuma kabisa, mwishoni, na uso wake si mkubwa kuliko punje ya mtama. Tena mtu aliyesimama mbele yake alivaa kofia pana, na kofia ile imemfunika nusu ya uso.

Bwana Maganlal alinionyesha jinsi ya kuukuza. Tulifunga dirisha, tukaacha tundu moja la kupitisha jua, tukaweka kioo mbele ya tundu na karatasi ukutani. Kadiri tulivyoisogeza karatasi mbali na kioo, ndivyo uso ulivyokua. Kisha karatasi inatiwa kwenye bakuli la dawa, na pale ndipo mtu anapotokea. Kwanza ilikuja kofia ya yule mwingine, ikafuata bega. Halafu likaja jicho la Saidi, na juu yake lile kovu la nyusi alilolipata kwa jembe la baba. Niliiacha karatasi katika dawa kupita kiasi, ikaungua yote ikawa nyeusi. Bwana hakunigombeza. Alinipa karatasi nyingine akatoka nje.

Nilitaka kukuletea uso mzima. Huku nimejifunza kurekebisha picha kwa kalamu ya risasi na wino mwembamba. Bibi harusi mwenye makovu ya ndui namwondolea makovu, mzee aliyefumba macho namfumbua. Bwana alinifundisha kwamba pande mbili za uso hazilingani hata kwa mtu mmoja, kwa hiyo haifai kuugeuza upande ulioonekana na kuubandika ng'ambo ya pili. Nikamwambia kwamba mimi na Saidi tumechangia baba na mama, na tangu utotoni watu walikuwa wakituchanganya. Akafikiri, kisha akanikalisha nje, jua likiwa upande uleule lilikokuwa siku ile, akanipiga picha. Nikautazama upande wangu wa kushoto, nikauchora juu ya ile kofia, mstari kwa mstari, mpaka kofia ikapotea. Nilifanya kazi hiyo kila nilipopata nafasi. Nilipomaliza nilifurahi, mama. Niliona nimekurudishia mwanao.

Kabla ya kuituma nikampelekea Mhando aitazame. Aliishika kwa kingo, akaitazama kwa muda mrefu, akanirudishia.

"Ndugu yangu, huyu ni wewe," akasema.

Nikamwambia atazame kovu, atazame jicho. Akatikisa kichwa.

"Saidi nilimbeba mimi. Kichwa chake kilikuwa hapa mapajani mwangu. Huyu simjui."

Ndipo akanieleza yale ambayo siku ya kwanza aliyaficha. Mjomba, hapa usiruke. Kigari cha reli kilichopakiwa mkonge kilipinduka kikambana Saidi kifuani. Nyapara akaamuru vigari vya nyuma visukumwe kwanza, njia isizibike, ndipo aondolewe. Mhando alikaa naye. Saidi aliomba maji, akapewa, hayakushuka. Alimtaja mkewe na akakutaja wewe. Jua lilipokuwa likishuka alikata roho. Wenzake walimwosha, wakamsalia, wakamzika siku ileile. Mhando ndiye aliyemfunika uso.

Nilirudi dukani kwa bwana na ile picha nikashindwa kuitazama. Niliona ningekudanganya. Ungemkumbatia mtu ambaye hakuwapo, tena ungeniona mimi katika sura ya maiti. Nikaichana. Bwana Maganlal aliniona nikiichana, akaniuliza kama nataka karatasi nyingine. Nikasema ndiyo. Tukaufunga mlango tukaanza upya, na safari hii kalamu sikuigusa.

Sasa fungueni. Kofia mnayoiona ni ya mtu wa Makuyuni ambaye hata jina lake silijui. Nimeiacha palepale. Nusu iliyobaki haikuguswa na mkono wa mtu, ni Saidi alivyosimama siku ile akitutazama. Najua, mama, kwamba hiki sicho ulichokitaka. Zaidi ya hiki hakuna, wala hakitapatikana.

Nisalimie dada yangu wa Handeni mjini na watoto wake, na babu mwenye shamba la bondeni, umwambie nimepokea pole zake. Mjomba, ahsante kwa sauti yako. Shemeji Mwanaidi naomba akabidhiwe picha mkononi mwake, abaki nayo peke yake kwa kadiri atakavyo, na asiulizwe kitu.

Kisha umwache akae eda, mama. Someni hitima. Kama hamna unga wa kulisha watu, someni hivyohivyo, na msimngoje tena.

Ni mimi mwanao wa kiume uliyebaki naye,
Athumani