Mtu wa Kumgeuza Baba

Uvira, mwezi wa saba 1966

Yaya Marcellin, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za hapa nyumbani, weye, mke wako Louise na watoto. Je, Louise amepona kifua? Na yule mdogo ameanza kutembea? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Baba anakula, analala, na akili yake iko sawa.

Ulimtuma Nizeyimana dereva aniulize ni nani hao wanaolima shamba la Baba kule Kiringye, na kwa ruhusa ya nani. Mambo ya nyumba yetu sikuweza kumpa dereva ayabebe, ndiyo maana naandika. Nina hasira, yaya, na sitaificha. Soma mpaka mwisho.

Unajua tulivyokuwa. Mama alifariki mwaka wa uhuru. Halafu waasi wa Mai-Mulele walipoingia Uvira tukakimbilia bondeni, na njiani Baba akaanguka, upande wake wa kuume ukafa. Tuliporudi, hakuweza hata kugeuka kitandani bila mikono ya mtu, na mimi nilikuwa na darasa la kufundisha. Katekista Hatungimana, ambaye tangu vita amekuwa akizunguka kwenye nyumba zenye wazee, akatukalisha mbele ya Baba. Alisema mzee mgonjwa haishi kwa huruma ya siku moja moja. Kila mtoto aseme atatoa nini, na mzee mwenyewe asikie. Mimi nilisema nitatoa chakula, na usiku nitamwangalia. Weye, mwenye kazi ya ofisi Bujumbura, ulisema mshahara wa mtu wa kumtunza uko juu yako. Baba alikushika kwa mkono wake mzima, hakukuachia upesi.

Hatungimana ndiye aliyetuletea Apollinarie, mjane wa Bwegera ambaye mume wake aliuawa katika vita hivyohivyo. Alimwogesha Baba, akamgeuza, akamfundisha kushika kikombe kwa kushoto. Baba alikuwa ameacha kusema kwa aibu ya mdomo wake uliopinda. Apollinarie alimngoja amalize kila neno, hata likichukua muda, mpaka Baba akaanza tena kuongea.

Kisha mshahara ukaacha kuja. Mwanzoni mpaka wa nchi ulifungwa, tukakuelewa. Ulipofunguliwa, samaki wa ndagala wa Uvira walivuka kwenda soko la Bujumbura kila asubuhi, watu walikwenda na kurudi, lakini mkono wako haukurudi. Nilimlipa nilipoweza, na sisi walimu tulikuwa hatulipwi. Apollinarie alibaki kwa sahani ya chakula tu, hakutudai kwa sauti.

Halafu ukaja Pasaka. Ulisimama mlangoni na kitambaa puani. Ulisema shamba liuzwe, kwamba una rafiki anayelitaka, na Baba apelekwe kwa masista. Ulimwambia Apollinarie afunge vitu vyake, kwa kuwa nyumba hii haihitaji tena mtumishi. Uliyasema yote hayo juu ya kichwa cha Baba kana kwamba masikio nayo yalikufa. Ukanywa chai, ukarudi Bujumbura.

Apollinarie alikutii, akaenda zake Bwegera. Nilifunga darasa langu nikabaki na Baba. Sina nguvu za kumgeuza peke yangu, yaya. Kidonda kikatoka mgongoni, kikaanza kunuka. Nilikuomba uje, au umtume mtu. Ulijibu kwamba kazi ofisini ni nyingi. Siku hiyo Baba aliniambia nimwite Hatungimana.

Hatungimana alikwenda Bwegera akarudi na Apollinarie na kaka yake. Tukakaa tena kama mara ya kwanza, ila mahali pako palikuwa wazi. Baba alimwomba Apollinarie arudi. Yeye akajibu kwa utaratibu: “Muzee, minye nitakutunza mpaka Mungu akuite. Lakini kama mtu wa kuajiriwa, hapana. Mtoto wako alinifukuza ukiwa hai ukisikia. Siku utakapokufa atanitupa inje na mukeka wangu.”

Hatungimana akauliza ni kitu gani kitamlinda. Ni Baba aliyesema, polepole, akihangaika na kila neno: “Basi awe mwenye nyumba.”

Walifunga ndoa kanisani Jumamosi baada ya Pentekoste. Tulimbeba Baba kwa kiti. Shamba la Kiringye amempa Apollinarie mbele ya chifu na mashahidi, na mmoja wa mashahidi ni mimi. Wanaolima ni kaka yake na watu wake. Mpunga wa hapo ndio utakaomlisha Baba, ndio utakaonunua dawa ya kidonda chake. Kwa hiyo mjibu rafiki yako kwamba hakuna shamba la kuuza.

Usidhani nilicheza harusini. Apollinarie mwenyewe aliniambia waziwazi kwamba mume aliyempenda alimzika, na Baba anamheshimu tu. Nilijificha jikoni nikalia. Mwanaume ana watoto wawili walio hai, na imembidi aoe ili apate mtu wa kumgeuza kitandani. Majirani wa kartie yetu wanacheka mzee aliyeoa akiwa hawezi kusimama. Waache wacheke. Wanaopaswa kuona haya ni sisi, na weye kabla yangu.

Ukija, mlango uko wazi, lakini utabisha hodi kwa Mama Apollinarie na utamsalimu kama mke wa baba yako. Nilimuuliza kama atakukubali. Alisema mtoto wa muzee hakosi chakula hapa.

Baba ananiangalia nikiandika. Ameniuliza kama nakugombeza, nikamwambia ndiyo. Amesema nikuandikie kwamba yeye hana kinyongo nawe, na anataka kumuona huyo mjukuu. Nimeandika kama alivyosema. Hasira ni yangu mimi, na sijamaliza nayo.

Mkumbatie Louise kwa ajili yangu, na watoto wote. Mungu awalinde huko ng'ambo.

Ni mimi mdogo wako,
Agathe