Kikombe cha Mkwe

Kwa dada yangu Ilmeri, huko bondeni kwa watu wa baridi,

Sisi wazima, na mbuzi wako amezaa.

Juzi Drovek, baba wa yule kijana anayemposa Sunari wangu, alikuja na mwanawe kujitapa kwamba moto wa ukoo wao haujapoa tangu mababu. Nikampa kikombe cha maji akichemshe kiganjani, kama kila mkwe. Kikachemka, kisha ikaja harufu ya nyama. Mpumbavu alikuwa ameficha kaa la moto chini ya kikombe!

"Ni joto la ukoo tu, Mama Sunari," akasema, machozi yakimtiririka.

"Joto la ukoo linanuka mshikaki, bwana?"

Mtu wa moto haungui. Anayeungua amepoa, na nyumba iliyopoa haiozwi binti. Nikawaonyesha mlango.

"Basi na mimi natoka nao, mama," akasema Sunari. Mpaka leo yuko kwa kina Drovek, anampepea mzee mkono.

Kwetu hakuna dawa ya kuungua, nani angeihitaji? Huko bondeni lazima ipo. Ilete mwenyewe, upesi. Sitaki mkwe anipigie mayowe kwenye harusi.

Ndugu yako, niliyechoka na wajinga,
Yezhani