Siku Rukia Alipobadilishwa Timu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta umeketi, mguu haukusumbui, na dada Mishi ndiye anayekusomea. Mishi, soma polepole, usiruke. Sisi huku Saint Louis Park ni wazima, baridi tu ndiyo inatutia adabu. Kwa simu ningelia kabla sijamaliza, ndiyo maana nimeandika.

Kila tukiongea waniuliza, "Mjukuu wangu amesema?" nami hukujibu bado. Tangu tuje Marekani, Rukia huongea ndani ya nyumba tu. Akivuka mlango, kimya. Mwaka mzima mwalimu wake hajaisikia sauti yake. Shuleni walishaanza kusema labda ahamishiwe darasa la watoto wenye shida, na mimi najua mwanangu hana shida, ana woga.

Mwalimu akatushauri tumtie kwenye mchezo. Huku watoto hucheza magongo juu ya barafu, wamevaa viatu vyenye visu chini. Vifaa tuliazimwa. Rukia akapenda, ingawa mbio hana. Hata miezi miwili haijaisha, kocha akaniambia kuanzia Jumamosi Rukia ataenda timu ya njano, na msichana mmoja wa njano atakuja kwetu. Makocha wawili walikubaliana wamesimama mlangoni, kama majirani wanaobadilishana sufuria.

Mama, niliumia. Nilijua wamemtupa kwa sababu haongei. Baba Rukia akasema, "Mtoto wa miaka saba huyo, hawajamuuza!" Sikumsikiliza. Jumamosi nikaamka alfajiri nikakanda mahamri, nikatia iliki, nikafunika kwa kitambaa safi, maana wewe ulinifunza mtu haendi kuomba jambo mikono mitupu. Baba Rukia akacheka njia nzima. "Kweli wewe unakwenda kumhonga kocha?"

Nikampa kocha bakuli kwa mikono miwili. Kabla sijapata Kiingereza cha kumwambia mrudishe mwanangu, alishafunua, akawaita watoto wa timu zote mbili. Kumbe huku wazazi hupeana zamu za kuleta vitafunio! Alidhani nimejitolea zamu. Bakuli likaisha hapo hapo, nikabaki na kitambaa mkononi na ombi langu tumboni.

Basi Rukia akaingia njano. Kocha wao, mama mmoja mwenye kicheko kikubwa, akamweka golini, kwa kuwa hakuna mtoto aliyepataka. Mchezo ukaanza. Wenzake wote wakakimbilia mbele, wakamwacha peke yake. Mara wale wa timu yake ya zamani wakakipata kile kisahani cha mpira wanachokigombea, watatu wakaja wanamshukia.

Mama, nikasikia: "Rudini! Rudini nyuma, nyie! Mwaenda wapi?"

Niligeuka kutafuta ni mama gani wa kwetu anayepiga kelele hivyo. Kumbe ni Rukia! Helmeti imemfunika uso, gongo liko juu, anawakaripia watoto wa watu. Wenzake hawajui Kiswahili hata neno moja, lakini waligeuka wakarudi mbio. Tukafungwa vilevile. Mimi nilikuwa nalia na kupiga makofi, wazazi wengine wananitazama, nashangilia bao la kufungwa.

Garini nikamuuliza, "Leo ulipatia wapi sauti hiyo?"

"Mama, waliniacha! Ningefanyaje?"

Nimefikiri sana. Golini anawaona wenzake migongo tu, hakuna anayemtazama mdomoni. Kule timu ya kwanza angekuwa anateleza kimya mpaka leo. Na mimi ndiye niliyekwenda na mahamri kuomba arudishwe huko!

Jumatano iliyopita ikaja karatasi kutoka shule. Kiingereza changu hakifiki huko, nikamngoja Baba Rukia, nikijua ni habari ya lile darasa. Akasoma, akasoma tena. Mwalimu anatuomba tumkanye Rukia, kwa sababu anaongea na mwenzake wakati wa somo.

Nimemfanya Baba Rukia anisomee mara tatu. Karatasi nimeibandika kwenye friji. Kumkanya, Mama, bado sijamkanya.

Nisalimie mjomba na mkewe, na mama mkwe wangu akipita hapo, na yule jirani yako anayekuchotea maji. Mbusu dada Mishi kwa kunisomea.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Mama Rukia