Kompyuta ya Baba Imenyamaza

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko, na wifi je? Watoto kile kikohozi kimewaachia? Sisi miili ni mizima. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu ningeanza kulia kabla hujaitikia.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba flashi uliyowekea ile programu ya zamani ya kumsemea Baba imepotea. Sikulaumu. Lakini ndilo tumaini tulilobaki nalo, Kaka, na sasa yamenifika shingoni.

Unajua tangu kiharusi kimnyang'anye Baba ulimi alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, kompyuta inamsomea Mama kwa sauti. Mmoja haoni, mwingine hasemi, na bado walikuwa wanagombana kila siku kuhusu feni. Majirani, waliomwita Redio tangu ujanani, wakasema Redio amerudi hewani.

Kisha fundi akaja kutuunganishia intaneti ili muwe mnaonana kwa video. Programu ikajisasisha yenyewe bila kumuuliza mtu. Tangu siku hiyo ukiifungua inatamka neno moja, inaganda, inajifunga. Fundi anasema toleo jipya linategemea mafaili fulani yanayoitwa maktaba, na zilizomo humu ni za zamani mno. Alipoingiza mpya, kompyuta yenyewe ikagoma kuwaka kwa uzee wake, ikabidi azirudishe zile zile. Toleo la zamani la programu amelitafuta mtandaoni mpaka macho yakamwiva. Walioitengeneza wameshaliondoa.

Tukajaribu kwenye kompyuta mpya ya fundi. Huko inafanya kazi vizuri, ila ile sauti ya Kiswahili hawakuiweka tena. Inasoma maneno ya Baba kama mtu aliyeshuka ndege leo asubuhi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu mgeni anataka nini?" Nilicheka, halafu nikaifunga programu.

Sasa Baba anaandika kwenye ukurasa wa kawaida, nami nikitoka kazini dukani namsomea Mama. Anaandika habari za chai na dawa. Kuhusu feni hagombani tena. Kuna maneno ya mtu na mkewe, Kaka, na hayo hayapitii kinywani mwa binti yao.

Jana nilirudi mapema. Baba alikuwa amejaza karibu ukurasa mzima. Nikasogea ili nimsomee Mama, Baba akaufunika kwa kiganja na kunitazama kwa aibu ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Nikarudi mlangoni. Akaanza kufuta, herufi moja moja, kwa kidole kile kile. Mama akasikia kitufe kinavyobofywa. Akajiweka sawa kitini, akatabasamu, akanikanya kwa sauti ya chini:

"Usipige kelele. Baba yako ananiandikia."

Sina la kukuomba, nimekwambia tu ili nisiubebe mzigo huu peke yangu. Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu sana. Mungu akutunze huko uliko, akupe na usingizi ambao sisi umetuhama.

Akupendaye hata akiwa amechoka,
Dada yako.