Saa ya Nyumbani Ndani ya Kontena la Rugaaga

Kakiika, Mbarara
Jumapili, tarehe 14

Bisimwa,

Leo ni miezi minne na siku tatu tangu uondoke, na ni miaka tisa tangu tuvuke mpaka kutoka nyumbani Kongo, mimi, wewe na mama yako, na godoro moja tukipokezana kulibeba. Hiyo miaka tisa nimeshaizoea. Hii miezi minne bado.

Sikuandikii ili nikulilie. Nililia siku ya mazishi, tena mbele za watu, na inatosha. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia na hakuna mwingine wa kumwambia ambaye ataelewa.

Wiki tatu zilizopita injinia wa hapa ofisi kuu Kakiika alileta seva mpya. Akaunda upya makontena yote ya programu, pamoja na lile la kwako la kituo chetu cha maziwa cha Rugaaga. Siku ya tatu, asubuhi, umeme ukakatika. Niliwasha jenereta kama kawaida, nikasikia inanguruma, nikarudi kuosha mikebe. Unajua sina ufunguo wa chumba cha tangi. Jenereta ikinguruma, mimi najua maziwa yanapoa. Kumbe mota ya kupozea ilikuwa imeungua. Kipimajoto kiliona joto linapanda, programu yako ikatuma taarifa za kumwita fundi, na fundi hakuitwa. Ilipofika saa saba mchana tangi lote lilikuwa limechacha. Tulilimwaga. Wachungaji walisimama pale mtaroni wakitazama maziwa ya ng'ombe wao yakienda, nami nilikuwa nimeshika bomba.

Injinia alitazama kwenye seva ya Kakiika, akasema hakupokea taarifa hata moja kutoka Rugaaga. Kwa hiyo kipimajoto hakikuwa na umeme. Kwa hiyo jenereta haikuwashwa. Kwa hiyo Byamungu ameuza mafuta. Alipanga hivyo hivyo, moja juu ya nyingine, kama mtu anayejenga ukuta, na mimi ndani yake.

Jumatatu wakaniita hapa. Haji mwenyewe, mwenye kampuni, alikuwepo, na injinia na kompyuta yake. Haji si mtu mbaya. Alinipa kiti, ndipo akaniuliza:

"Byamungu, niambie ukweli. Mafuta yako wapi?"

Mimi sikumaliza hata darasa la sita. Nilikuwa nimevaa gambuti zenye maziwa yaliyokauka. Lakini nilikumbuka zile siku za mvua pale Rugaaga, wewe umekaa juu ya mkebe uliogeuzwa, kompyuta magotini, unanifundisha kwa sababu hukuwa na mwingine wa kuongea naye. Ulisema programu hizi ni kama familia zilizopewa viwanja kambini Nakivale. Kila moja ina nyumba yake, yaani kontena lake, na jiko lake na saa yake, na zikitaka kusemezana zinatumiana ujumbe. Ukasema kitu kikiharibika, ukiniita yaya, kaka, kama kawaida yako, "usitafute nani ana kosa, yaya. Tafuta ujumbe ulifika wapi mwisho."

Nikamwomba injinia afungue kumbukumbu za Rugaaga upande mmoja na za Kakiika upande wa pili. Akasema ameshatazama, hakuna kilichopokelewa. Nikamuuliza, zilizopokelewa sawa, na zilizokataliwa je? Alinitazama kama mtu aliyesikia mkebe ukisema. Haji akamwambia afungue.

Zilikuwepo, Bisimwa. Zote. Mstari baada ya mstari, kila mmoja una neno hilo hilo: imechelewa. Seva inatupa taarifa yoyote iliyozidi nusu saa, ili fundi asikimbizwe na habari za zamani. Ya kwanza ilifika saa tatu na dakika kumi, na ilisema imetumwa saa mbili na dakika kumi. Ya pili saa tatu na robo, imetumwa saa mbili na robo. Injinia akasema basi ni mtandao wa Rugaaga, unajulikana ni mbaya. Haji akapumua, akaniambia pole, jenereta iliwaka, niende nikapumzike.

Ningeweza kunyanyuka hapo. Jina langu lilikuwa limeshasafika. Lakini mtandao mbaya hauchelewi saa moja kamili kila mara, bila kuzidi dakika wala kupungua. Nikajua, kwa sababu saa yako ya mkononi ilikuwa mfukoni mwangu. Mama yako alinipa siku ya mazishi. Bado inakwenda, na bado inasoma saa ya nyumbani, saa moja nyuma ya Uganda, kama ile uliyoiacha ukutani kwake, ambayo inamfanya afike kanisani kila Jumapili wenzake wakiwa katikati ya mahubiri. Nilikucheka mara ngapi? Ulinijibu kwamba siku tutakayorudi hutaki kuanza kuhangaika kurekebisha saa.

Kama ningenyamaza, wale wachungaji wangemwaga tena. Pengine wiki hiyo hiyo. Nikasema: fungua faili linalounda kontena la Rugaaga, tafuta palipoandikwa saa.

Palikuwa pameandikwa saa ya Lubumbashi, ile ya nyumbani, ndiyo maana kila taarifa ilijiandika ya saa moja nyuma. Juu ya ukurasa, jina lako.

Injinia alicheka. Akasema, "Hawa Wakongo bwana. Wamekimbia, hata saa yao wamekuja nayo."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli. Badala yake nikaweka kidole kwenye kioo chake, chini ya jina lako, mahali palipoandikwa imekaguliwa na nani.

"Na hili jina la chini ni la nani?"

Haji alivaa miwani, akainama, akalisoma kwa sauti, polepole, jina na la baba yake. Lilikuwa la injinia. Alikagua bila kusoma. Kicheko kikaishia hapo.

Sasa nije kwako.

Wewe ulijua. Kila mara kontena lilipoundwa upya ulikuwa unapanda boda kwenda Rugaaga na kompyuta yako ndani ya mfuko wa nailoni. Ulikuwa unaingia ndani ya kontena, unarekebisha kitu kwa mkono, na mambo yanakwenda. Hukuniambia kitu chenyewe ni nini. Ila wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kontena likiundwa upya linatoka kwenye faili kama siku ya kwanza, na ulichokiweka kwa mkono hakipo tena. Nilikuuliza, basi kwa nini usiandike kwenye faili mara moja tukapumzika? Ukasema:

"Nikiandika kule lazima injinia asome, yaya. Atajua nilikosea tangu mwanzo. Na mimi sina diplome. Batanifukuza."

Nikanyamaza. Na hilo nalo nimejikasirikia.

Siku ile ulikuwa unarudi kutoka kulirekebisha mara nyingine. Mvua, boda, lori kwenye kona. Mstari mmoja, Bisimwa. Nimeuona kwa macho yangu, ni mfupi kuliko jina la mama yako. Uliogopa kufukuzwa na mtu ambaye hata hakusoma kazi yako. Ungekuja kwangu ukasema, twende wote kwa Haji, mimi na wewe, tuseme tumekosea. Angetufukuza, tungelima mahindi Nakivale, ungekuwa hai na mimi ningekuwa nakucheka.

Niliwaambia sitoki ofisini mpaka nione. Injinia akabadilisha mstari ndani ya faili, akalifuta kontena, akaliunda upya. Nikaomba alifute tena na kuliunda tena. Mara zote mbili taarifa ya majaribio ilitoka Rugaaga ikapokelewa, na simu ya fundi ikalia. Alitaka kuondoa jina lako pale juu. Haji akamwambia aliache, na la kwake pia aliache.

Wamenibakiza hapa wiki hii niwasaidie kuosha matangi, kisha narudi Rugaaga. Wachungaji nitawaeleza mwenyewe, mtaroni pale pale. Na mama yako nitamwambia kabla watu wa maziwa hawajamfikia na maneno yao, kwamba mwanawe alikosea kitu kimoja kidogo, na nani aliyepaswa kukiona. Hilo nakuahidi. Nitamwambia na mvua ile ulikuwa unatoka wapi, ingawa sijui nitaanzaje.

Jana nilitaka kuirekebisha saa yako, iende na ya hapa. Nilishika kile kitufe cha pembeni, nikakivuta. Nikakirudisha.

Lala, ndugu yangu. Hasira bado ninayo, nitakuja nayo. Jumamosi nashuka Nakivale na gari la asubuhi, napita kwanza kwa mama yako, halafu nakuja kaburini kwako. Nitafika saa nne kwa saa yako. Hapa itakuwa saa tano.

Byamungu