Mzee kajua Valerian ni nesi

Oya Bene, Mzee kajua. Kajua leo, kwenye foleni, mbele ya watu.

Si unajua braza Valerian alimdanganyaga anasomea udokta? Na Mzee akatangaza Manzese nzima.

Sasa leo kaenda na kidonda chake cha mguu pale zahanati braza anapofanya field ya chuo. Kafika tu, "Dokta Valerian! Baba yako nimekuja!"

Sista Felicitas, mkubwa wao pale, akamwambia, "Mzee, huyu nesi. Dokta yule kule."

NESI. Foleni nzima imesikia.

Dokta akaja, akachungulia kidonda, akaandika, akaondoka zake. Braza akabaki amechuchumaa anasafisha usaha taratibu. "Shikamoo baba. Inauma?" Mzee akaangalia pembeni. Hata marahaba hakuitikia, Bene.

Braza akajua kafukuzwa nyumbani. Jioni kafungasha begi kabisa.

Mzee yuko barazani, bandeji nyeupee, jirani anamchokoza, "Vipi, kumbe dokta wako ni nesi?"

Mzee akamjibu, "Dokta anaandika tu. Huyu wangu ndo anaamua kama itauma."

Braza alikuwa mlangoni na begi. Kalirudisha ndani.