Ngumi ya Mama Mwavita kwa bariyeri

Olga!! Leo Mama Mwavita alikaribia kutuua wote kwa bariyeri ya askari pale Kigobe. Na vidole vyake tu!

Asubuhi mapema, askari anamuomba karangamuntu, kitambulisho yake. Mama ananyoosha ngumi. "Fungua mukono!" Apana, haifunguki. We unajua vile vidole vyake vinaamkaka, vimejikunja sawa kucha za kuku.

Askari akapiga kelele: "Grenade!! Ana bomu!" Wote tukajitupa chini. Tangu vita ianze mu 93, sijawahi kulala mu tope sababu ya vidole ya mutu. Na nilivaa kikwembe yangu mpya!

Mama anasema pole pole: "Mwanangu, ni goutte, ugonjwa ya viungo." Goutte! Muuza ndagala, tusamaki tudogo, mwenye anaonaka nyama kwa Noeli tu, eti ana ugonjwa ya matajiri.

Sasa docteur mumoja, amelala pembeni yangu, akaona ni saa ya kufundisha. "Goutte inaamshwa na vichembe sawa chumvi, na protéine yenye inaita vita ni interleukine-1. Huyu mama ana polyarthrite, yenye inakaza viungo kila asubuhi. Kwake protéine ingine, TNF, ndiyo inapiga alarme kila siku bila adui, na askari ya mwili wanabomoa nyumba yao wenyewe."

Askari wa kweli akageuka. "Umesema askari wanabomoa nini?"

Docteur akazika uso mu tope, Olga.

Jua ikapanda, vidole vikalegea. Ndani ya ngumi: karangamuntu, imekunjwa vizuri. "Pita, mama."

Sisi watu wa grenade tulipita wote. Docteur wa protéines angali pale, amekalishwa kwa jua.